Mchemraba, sataranji, daftari la kuchorea au darubini: kipi cha utotoni kinafaa kuishi nacho bwenini?

Mwaka_wa_Pili:

Habari zenu wanajukwaa. Naomba mawazo, hasa ya nyie mlioishi bwenini au mnaoishi sasa.

Likizo hii nimevuta kutoka chini ya kitanda sanduku nililolifunga nikiwa na miaka 12. Ndani nimekuta vitu vinne vilivyonilea: mchemraba wa Rubik uliobanduka stika mbili upande wa njano, ubao wa sataranji wa kukunja (farasi mmoja mweusi amekatika masikio), daftari za michoro pamoja na vipande vya penseli, na darubini ya macho mawili aliyoniachia babu. Niliitwa mara tatu kula sikusikia.

Mwaka wa kwanza niliumaliza bila hata kimoja. Nilijiambia utoto umekwisha, sasa ni kitabu tu. Siku zikawa mhadhara, maktaba, simu, usingizi, halafu mhadhara tena. Chumbani tunakaa watatu, na ulipita muhula mzima kabla sijajua kuwa mwenzangu mmoja ana mdogo wake aliyelazwa muda mrefu. Tulikuwa tunalala umbali wa hatua mbili. Hatukuwa na jambo la kufanya pamoja lisilo la masomo, na mapumziko yetu yalikuwa kila mtu na simu yake. Nikiiweka simu chini najikuta nimechoka kuliko nilivyoishika.

Sasa muhula unaanza wiki ijayo na begi lina nafasi ya kitu kimoja, nikibana viwili. Ninachotaka ni kitu kisichokula nafasi, kisichosumbua wenzangu usiku, ninachoweza kukiacha baada ya dakika 15 nikarudi kusoma, na zaidi ya yote kinitoe kitandani.

Mpaka sasa mchemraba unaongoza. Unaingia mfukoni, na vidole vyangu bado vinakumbuka: upande wa kulia kwenda juu, wa juu kwenda kushoto, wa kulia kwenda chini, wa juu kwenda kulia. Ukianza na mchemraba uliokamilika ukarudia hatua hizo nne mara sita, rangi zinavurugika kabisa halafu zinarudi zote mahali pake. Niliigundua peke yangu nikiwa na miaka 10, na siku ile nilizunguka nyumba nzima nikimwonyesha kila mtu. Sataranji naiogopa, nitaeleza baadaye. Nyie mnaonaje?

Farasi_Mweusi:

Karibu tena kwenye mambo yako ndugu yangu. Mimi ni mtu wa sataranji, kwa hiyo upande wangu unajulikana, ila nitajitahidi kutenda haki.

Mchemraba ni kitu cha ajabu. Ernő Rubik aliubuni mwaka 1974 huko Budapest akiwa mwalimu wa usanifu, na yeye mwenyewe ilimchukua takribani mwezi mzima kuutatua mara ya kwanza. Mipangilio yake inazidi kwintilioni 43 (43 ikifuatwa na sufuri 18), lakini mwaka 2010 ilithibitishwa kwamba hata uvurugwe vipi, hauhitaji zaidi ya mizunguko 20 kurudi sawa. Nauheshimu. Ila ukiushika chumbani, wenzako wanabaki watazamaji. Watakusifu siku ya kwanza, ya pili watarudi kwenye simu zao.

Ubao wa sataranji ukiuacha wazi mezani, mtu anapita, anasimama, anauliza zamu ni ya nani. Mimi nilianza hivyo. Niliupanga mezani kwenye korido nikafanya hatua moja, nikaenda kuoga. Niliporudi nikakuta askari wa upande wa pili amesogezwa hatua mbili mbele. Sikujua nani kasogeza. Tulicheza siku nne bila kuonana, na huyo ndiye rafiki yangu wa karibu mpaka leo.

Kwa nini unaiogopa?

Mwaka_wa_Pili:

Kwa sababu iliniponza, Farasi. Muhula wa pili nilianza kucheza kwenye simu, michezo ya dakika tano tano. Nikishindwa nataka kurudisha, nikishinda nataka kuendelea. Usiku mmoja kabla ya mtihani wa takwimu nilijiambia mmoja tu wa mwisho, nikashtuka saa tisa na nusu usiku. Mtihani ule niliurudia. Niliumia sana, maana somo lenyewe nilikuwa nalielewa.

Penseli4B:

Pole sana kwa hilo. Nafikiri ni vizuri umeliweka wazi, maana kigezo chako cha dakika 15 ndicho kitakachoamua mambo yote.

Mimi nasoma tiba, mwaka wa nne, na kura yangu ni daftari. Nilipokuwa mdogo nilichora kuku. Kuku tu, mamia. Nilipofika chuoni nikaacha, kisha mwaka wa pili anatomia ikanielemea mno. Siku moja nikafunga kitabu na kuchora moyo kwenye karatasi tupu: vyumba vinne, vali, mishipa mikubwa inayoingia na kutoka. Nilikwama kwenye vali ya kulia, nikafungua kitabu, nikaona nimekosea nini, nikachora upya. Picha ile sijaisahau. Baadaye nikasoma kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walichapisha mwaka 2016 majaribio yaliyoonyesha kuwa watu waliochora maana ya maneno waliyakumbuka zaidi kuliko walioyaandika, hata walipochora vibaya kwa haraka.

Ila nakupa tahadhari moja. Nilipogeuza uchoraji wote kuwa wa masomo, furaha ilikauka. Penseli ikawa inanikumbusha mtihani. Sasa nina daftari mbili, na ile ndogo haina kiungo chochote cha mwili wa binadamu. Ina kuku. Nachora dakika kumi kabla ya kulala, simu ikiwa upande wa pili wa chumba, na mchoro ukiishia nusu hauniiti kama mchezo unavyoita. Kesho nauendeleza, au siuendelezi.

Penseli za kubeba: HB moja ya kuanzia mistari, 2B na 4B za kivuli. Kifutio cha kawaida kinatosha. Hakuna kelele, hakuna betri, na taa ndogo ya mezani haimwamshi mtu.

Kilimia:

Naona mnaruka darubini kana kwamba ni pambo. Jamani, kati ya vinne hivyo ndiyo pekee inayomtoa mtu nje ya jengo.

Watu husema chuoni kuna taa nyingi, hakuna kinachoonekana. Ni kweli vitu hafifu vinapotea, lakini mwezi haupotei, wala sayari ya Mshtarii (Jupita). Galileo aliona miezi minne ya Mshtarii Januari 1610 kwa darubini duni kuliko nyingi zilizomo makabatini leo. Babu yako amekuachia uwezo huohuo. Siri iko kwenye mikono: ukishika hewani, kila kitu kinatetemeka. Egemeza viwiko ukutani au kwenye reli ya ngazi, vuta pumzi, subiri. Utaona nukta ndogo zimejipanga mstari mmoja pande za sayari. Rudi kesho yake, zitakuwa zimehama. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu.

Mwezi usiutazame ukiwa mpevu, unakuwa bapa. Utazame ukiwa nusu, pale mwanga unapokutana na giza, ndipo vivuli vya mashimo vinapojitokeza. Na kundi la Kilimia, ambalo kwa macho matupu wengi huhesabu nyota sita au saba, kwa darubini ni makumi. Jua usilielekezee darubini hata sekunde moja, utapofuka.

Kigezo cha dakika 15? Shingo yenyewe itakukumbusha.

Farasi_Mweusi:

Kilimia, na mawingu je? Msimu wa mvua darubini inakaa kabatini mwezi mzima.

Kilimia:

Inakaa, nakubali. Tena unyevu ni adui yake, lenzi huota ukungu. Ndiyo maana ihifadhiwe mahali pakavu, si chini ya kitanda.

Alihitimu_Zamani:

Nimewasoma wote kwa makini. Wadogo zangu, mniruhusu niseme kitu tofauti.

Neno «nostalgia» lilibuniwa mwaka 1688 na mwanafunzi. Johannes Hofer alikuwa na miaka 19, anasomea udaktari huko Basel, Uswisi. Kwenye tasnifu yake aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja la kurudi nyumbani na jingine la maumivu, akaielezea hali hiyo kama ugonjwa unaowashika walio mbali na kwao. Naona ina maana kubwa kwamba aliyelipa jina alikuwa kijana wa chuo kama ninyi.

Mimi nilibeba kila kitu kutoka nyumbani. Kila muhula begi la vitabu na begi la utoto. Nikawa naishi chuoni kama mgeni anayesubiri gari la kurudi. Vitu vyangu vilikuwa ukuta. Nikipata huzuni najifungia navyo, na huzuni inaongezeka. Mwaka wa tatu niliviacha vyote nyumbani makusudi, na huo ndio mwaka nilioishi chuoni kweli.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kipi, jiulize utakitumia kwa kwenda kwa watu au kwa kuwakimbia.

Penseli4B:

Shikamoo kaka. Nakuelewa, ila siamini kuwa dawa ni kuviacha vyote. Kuna watu ambao kelele za siku nzima zinawamaliza, na dakika kumi za peke yao ndizo zinazowawezesha kuamka kesho na kusalimia watu. Mimi ni mmoja wao. Kuwa peke yako kwa muda mfupi uliopangwa si kukimbia.

Alihitimu_Zamani:

Marahaba. Hapo kwenye «uliopangwa» tunakubaliana. Wangu haukuwa na mpaka.

Stika_Nyeupe:

Mimi nacheza mchemraba, na nasikitika kuupinga kwa kesi yako. Wa zamani unapiga kelele. Usiku wa manane, trak trak trak, mwenzako anageuka kitandani mara ya tatu na hawezi kukwambia. Tone la mafuta ya silikoni linasaidia, lakini haliimalizi. Na ule mtego wa «mmoja wa mwisho» ulioupata kwenye sataranji upo huku pia, ukianza kujipima kwa saa. Nilitoka sekunde 90 hadi 35 na nikapoteza wiki tatu.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba unachezeka umelala chali. Wewe umesema unataka kitu cha kukutoa kitandani. Huo haukutoi.

Mwaka_wa_Pili:

Nimekaa na maneno yenu siku mbili. Ahsanteni sana, mmenisaidia kuliko nilivyotarajia.

Sataranji naona sikuwa naiogopa yenyewe. Kwenye simu mpinzani hachoki na hana uso. Ubaoni kuna mtu, naye ana mtihani wake kesho. Nitabeba ubao, na programu nimeifuta kwenye simu leo asubuhi. Pamoja nao nabeba daftari moja tupu na vipande vya penseli, havichukui nafasi. Darubini ya babu naiacha nyumbani, sitaki ipate ukungu kwa ajili yangu, lakini Kilimia, nimeitoa sandukuni na kuiweka juu ya kabati, na jana nimeegemea ukuta wa nje kama ulivyosema. Nimeziona tatu. Ya nne nadhani ilikuwa nyuma ya sayari.

Mchemraba nao nimeupatia kazi. Stika_Nyeupe, sentensi yako ya kuchezeka umelala chali ilinikalia kichwani usiku kucha. Nimempigia mwenzangu wa chumbani nikamuuliza kama mdogo wake hospitalini ana kitu cha kushika. Alikaa kimya, halafu akasema hana.

Mwaka_wa_Pili (wiki tatu baadaye):

Narudi kidogo. Ubao uko mezani mwisho wa korido. Tumekubaliana mchezo hauanzi baada ya saa nne usiku, na farasi asiye na masikio kila mtu anamtaka awe wake, sijui kwa nini. Mwenzangu wa chumbani anacheza vibaya na kwa furaha kubwa. Jumapili alinieleza habari za mdogo wake kwa saa nzima, huku mfalme wake akiwa amebanwa kona na hakuna aliyekuwa anaangalia.

Mchemraba ulifika, nimeuweka mafuta kwanza. Zile hatua nne nilizichora kwenye karatasi, mishale tu, bila maneno. Jana mtoto amepiga simu mwenyewe. Mara ya sita rangi zimerudi zote, anasema alipiga kelele hadi muuguzi akaja. Hizo stika mbili zilizobanduka amezipaka njano kwa kalamu ya kuchorea.

Sasa anataka kuvuruga kabisa na kuutatua wote. Safu ya kwanza naweza kumweleza kwa simu. Ya kati inanishinda kuieleza bila kumwonyesha. Stika_Nyeupe, wewe ungeianzaje?

Stika_Nyeupe:

Mwambie augeuze upande uliokwisha uwe chini. Vipande vya katikati ya kila uso havihami, avitazame hivyo kwanza, ndivyo vinavyosema kila upande ni wa rangi gani. Halafu kwenye safu ya juu atafute kipande cha rangi mbili kisicho na rangi ya kile cha katikati ya uso wa juu. Akikipata anipigie. Nitumie namba kwa ujumbe wa faragha, niko huru kuanzia saa kumi.