Lugha ipi tamu masikioni, na ipi inakwaruza?

Mie Kiitaliano hunimaliza. Karibu kila neno linaishia kwa irabu, kama letu. Mtu akigombana utadhani anaimba. Kijerumani sasa! Kipepeo, mdudu mwepesi vile, eti "Schmetterling". Wenzangu mwasemaje?

— Unakionea bure. Niliwahi kukaa karibu na bibi Mjerumani akimsomea mjukuu hadithi, sauti ya chini, hadi mimi nikasinzia. Wewe umezoea wanajeshi wa kwenye filamu, wanaofoka.

— Kwangu Kixhosa, lugha ya Afrika Kusini. Zile c, q na x ni vidoko, yaani sauti za kugonga ulimi, kila kimoja na mahali pake mdomoni. Nilijaribu q mbele ya kioo, nikajing'ata ulimi.

— (Muulizaji) Haya, Kijerumani nimekisamehe. Ila Kifaransa cha puani, hapana. Kama wote wana mafua.