Naomba ushauri: nyuki wanakufa parachichi zikiwa kwenye maua

Habari za kazi wakuu. Naombeni msaada, hasa mlioko Rungwe na Njombe.

Shamba lipo Tukuyu, ekari 2 za parachichi ya Hass, mizinga 6 ya masanduku. Jirani ana matango, anapuliza imidacloprid (dawa ya kuua wadudu) saa 4 asubuhi dhidi ya vidukari. Saa hizo ndipo ua la Hass limefunguka likiwa jike (tayari kupokea chavua), na nyuki wako kazini. Jioni unawakuta wamelala chali mlangoni mwa mzinga, wengine wanatetemeka, ulimi umetoka nje. Hiyo ni sumu, sio ugonjwa.

Tumejaribu kuziba milango kwa wavu tangu usiku. Jua likipanda mzinga unapata joto kali, nyuki wanahangaika, inabidi kufungua. Jirani ni muungwana, amekubali kupuliza baada ya saa 12 jioni, ila dawa hii hunyonywa na mmea ikafika hadi kwenye chavua na nekta ya ua la tango, kwa hiyo jioni peke yake haitoshi.

Maswali mawili. Kwa vidukari vya matango, kuna aliyepata nafuu kwa sabuni au mwarobaini, na alirudia kila baada ya siku ngapi? Pili, nikihamisha mizinga zaidi ya kilomita 3 ili nyuki wasirudi, niirudishe parachichi zikiwa zimechanua kiasi gani?