MREJESHO: Kaburi la familia yenye duka, Nunhead

Wakuu, nawashukuru sana. Niliuliza namna ya kusoma maandishi yaliyofutika kwenye kaburi la familia ya wauza vitambaa, Nunhead, London. Tochi ya kumulika kwa ubavu, jioni, ndiyo iliyofaa: herufi za madini ya risasi zilizopachikwa kwenye jiwe zimedondoka, ila vitundu vyake vikatoa kivuli, nikapata jina la baba na mwaka 1874. Aliyeshauri nisafishe jiwe kwa siki anisamehe, inakula marumaru. Sensa ya 1881 ndiyo tamu zaidi: mjane anaendesha duka mwenyewe, na wahudumu wanalala humo humo ghorofani! Mstari wa majina ya watoto kaburini umegoma kusomeka, jiwe limebanduka pale. Nitawatafuta kwenye rejista za serikali za vifo za Uingereza, zilizoanza 1837.