Tupeane uzoefu: rolakosta ulizopanda zamani na bustani zake zimeshafungwa

Binti_Chumbageni:

Wakuu, habari za wikendi.

Nafungua uzi huu kwa waliowahi kupanda rolakosta, zile treni zinazovutwa taratibu hadi kileleni kisha zinaachiwa ziporomoke, kwenye bustani ambazo leo hazipo. Zilizo hai tuziache kwanza. Semeni ilikuwa wapi, mlipanda nini, na kama mnajua, mashine yenyewe iliishia wapi. Hilo la mwisho ndilo linalonikosesha usingizi.

Naanza na yangu: AstroWorld, Houston, Texas. Wazazi wangu walihama Tanga nikiwa mdogo, na kwa sisi watoto tuliokulia Houston miaka ya 90, kiangazi kilikuwa AstroWorld. Ilifunguliwa Juni 1968 na Roy Hofheinz, yule yule aliyesimama nyuma ya uwanja wa Astrodome, na viwili hivyo vilitazamana, katikati ikipita barabara kuu ya 610. Unaegesha gari upande wa Astrodome, unavuka daraja la waenda kwa miguu. Kabla hujafika mwisho wa daraja unasikia mayowe ya watu walio juu, na mdogo wangu hapo hashikiki tena.

Malkia wa pale alikuwa Texas Cyclone, rolakosta ya mbao, nyeupe pe, iliyofunguliwa 1976. Wenye bustani walikuwa wamefikiria kuing'oa Cyclone ya Coney Island kule New York, ya mwaka 1927, na kuileta Texas. Haikuwezekana, basi wakamwita mbunifu William Cobb awajengee nyingine kwa mfano ule, yenye kimo zaidi. Ilifika kama mita 28.

Nilipokuwa sekondari nilipata kibarua cha kiangazi humo, kituoni kwenye Cyclone. Kazi yangu ilikuwa kuwaketisha watu, kusukuma chuma cha mapajani hadi kikaze, kisha kuinua dole gumba kwa mwendeshaji. Nilijifunza mengi pale. Kwa mfano, ule mlio wa ta-ta-ta treni ikipanda hautoki kwenye mnyororo. Chini ya behewa kuna kijino cha chuma kinachodondokea kwenye mstari wa meno yaliyopachikwa katikati ya reli, ili mnyororo ukikatika treni isirudi nyuma. Abiria wengi huogopa mlio ule, nami niliwaambia ndio unaowalinda.

Siku ya mwisho ilikuwa Oktoba 30, 2005. Six Flags, waliokuwa wakiiendesha tangu 1975, walikuwa wameshaamua kuwa ardhi ina thamani kuliko bustani, na kulikuwa pia na mgogoro wa maegesho na majirani wa upande wa Astrodome. Cyclone ilibomolewa Machi 2006, na ardhi ikauzwa mwaka huo huo kwa dola milioni 77, pungufu kabisa ya walizotegemea. Mji haukujengwa pale. Ni nyasi na maegesho, daraja lenyewe bado lipo. Mimi hilo limenikaa kooni hadi leo: waliua kitu kilichokuwa hai kwa ajili ya kiwanja kilichobaki kitupu.

Karibuni.

Msomi_wa_Kent:

Asante dada kwa uzi. Mimi ni wa Nakuru, nilikuja Kent State kusoma, na karibu na pale kulikuwa na Geauga Lake, mjini Aurora, Ohio. Wakenya tulikuwa wachache, tunachanga pesa ya mafuta, tunajazana kwenye gari moja.

Kulikuwa na za chuma kubwa kubwa, lakini mimi nilikuwa mtu wa Big Dipper. Ya mbao, ya mwaka 1925, kazi ya John Miller. Wasiomjua, huyu ndiye aliyeweka gurudumu la chini: mbali na magurudumu yanayotembea juu ya reli, kuna mengine yanayoikumbatia kutoka chini, kwa hiyo treni haiwezi kuruka. Kabla yake hakuna aliyethubutu kujenga mteremko mkali. Kila rolakosta mliyopanda nyie, popote duniani, imekaa juu ya wazo la yule mzee.

Big Dipper haikuwa ndefu kwenda juu, mita 20 hivi. Utamu wake ulikuwa vile vilima vya kurudi, unapoinuka kitini na mapaja yakagusa chuma, unashuka, unainuka tena. Na harufu ya mbao na grisi jua likiwaka.

Namna ilivyofungwa ndiyo inauma. Msimu wa 2007 ulimalizika Septemba 16, watu wakaenda nyumbani kama kila mwaka. Siku tano baadaye Cedar Fair, wenye bustani, wakatangaza kwamba haitafunguliwa tena. Hakuna aliyejua kwamba alikuwa anapanda kwa mara ya mwisho. Dada, nyinyi angalau mliaga.

Uliuliza ziliishia wapi. Dominator ilikwenda Virginia, Kings Dominion, na hadi leo inakimbia. Thunderhawk ikaenda Michigan. Nyingine ikapelekwa bustani ya Carowinds. Lakini Big Dipper ilipigwa mnada 2008 kwa dola 5,000, bei ya gari kuukuu, na aliyeinunua hakuihamisha. Ikasimama pale miti ikiota ndani yake, mpaka Oktoba 2016 ilipoangushwa. Miaka 91.

Dereva_I10:

Mimi sikuwahi kupanda hiyo nitakayoisema, niliiona tu kutoka barabarani. Naendesha lori. Ukiwa mashariki ya New Orleans, pale I-10 inapokutana na I-510, kulikuwa na rolakosta imesimama peke yake. Hiyo ni Mega Zeph, ya bustani iliyofunguliwa mwaka 2000 kwa jina la Jazzland, baadaye ikawa Six Flags. Kimbunga Katrina kilipofika Agosti 29, 2005, maji yalijaa humo na kukaa wiki kadhaa. Haikufunguliwa tena.

Mtu wa New Orleans aliyekuwa anapakua mzigo wangu aliniambia kwamba wazazi wake walikuwa wakipanda Zephyr kwenye ufuo wa Pontchartrain, iliyofungwa 1983, na hii ya pili ilijengwa kwa kumbukumbu ya ile. Kwa hiyo familia moja imezika rolakosta mbili. Ubomoaji wa bustani ulianza 2024. Rolakosta nyingine ya pale, Batman, ilishahamia San Antonio zamani, inaitwa Goliath.

Mwana_Mlandege:

Assalaam aleikum wanangu.

Miye nilisoma Ujerumani Mashariki, mapema miaka ya 80. Wazanzibari tulikuwepo kule tangu serikali ya Mapinduzi ilipofungua urafiki nao. Jumapili tukipanda treni ya mjini hadi Plänterwald, Berlin, kwenye Kulturpark. Ilifunguliwa Oktoba 1969, Ujerumani Mashariki ilipotimiza miaka 20, na ndiyo pekee ya namna yake katika nchi nzima. Wenyewe walikuwa wakijaa, hadi watu milioni 1.7 kwa mwaka.

Nilikuwa nimezoea pembea za sikukuu pale Mnazi Mmoja na Kariakoo ya Unguja, zinasukumwa kwa mikono. Sasa nikaona gurudumu la mita 40! Ukifika juu unaona mto Spree na moshi wa viwanda, na mimi nikitafuta bahari kwa mazoea ya macho. Mwaka 1989 wakaweka jingine la mita 45. Kisha ukuta ukaanguka.

Aliyeichukua baada ya hapo aliiita Spreepark akaongeza rolakosta, maana ya zama zangu ilikuwa ya magurudumu na pembea zaidi. Ikafungwa 2001 kwa madeni. Msitu ule umehifadhiwa, hapakuwa na ruhusa ya maegesho ya kutosha, na Wajerumani wa baada ya ukuta wote wana gari. Mwendeshaji akapakia mashine sita makontenani akazipeleka Lima, Peru.

Miaka ya 2010 nilikwenda kumtembelea mwanangu, tukaingia na kikundi cha kuongozwa. Madinosaria yameanguka ubavu. Reli ya Spreeblitz, ile rolakosta iliyoongezwa, inaingia kwenye handaki lenye mdomo mkubwa wa rangi rangi, na miti imeota katikati ya reli. Nililia mbele ya mwanangu, sioni haya kusema. Gurudumu walilishusha 2021 ili litengenezwe, na mji wa Berlin ndio wenye mali sasa. Nikijaaliwa umri, nitalipanda.

Binti_Chumbageni:

Shikamoo mzee wangu. Allah akujaalie ulipande.

Umenifungua macho kwa hilo la maegesho. Houston nasi tulikufa kwa maegesho! Watu hudhani bustani hizi huuawa na ajali au kuchokwa. Wenzangu wa kazi tulikuwa na foleni ya saa nzima Jumamosi, hakuna aliyetuchoka. Tulikosa pa kuweka magari.

Kijana_wa_Bukavu:

Ndugu zangu, mimi niko Montréal. Nimesoma ujumbe wa kwanza nikaenda kutafuta habari za AstroWorld. Kumbe Ednör iliyopo hapa La Ronde, ile ambayo miguu inaning'inia, ilitoka Houston! Ilikuwa inaitwa Serial Thriller. Hapa ilifunguliwa 2010. Watoto wangu wanaipenda sana na tumepanga foleni yake kila kiangazi, wala hakuna kibao kinachosema ilikotoka.

Binti_Chumbageni:

Kaka, umenipa zawadi. Serial Thriller ilikuja kwetu 1999, nimeipanda na mdogo wangu hadi tukasahau kula. Wabusu watoto.

Na hapo ndipo penye uchungu wangu. Ya chuma hutengenezwa kiwandani kwa vipande, inafungwa kwa bolti, ikifungwa bustani inafunguliwa na kusafiri. Ya mbao hujengwa pale pale iliposimama na mafundi seremala. Reli yake ni mbao zilizolazwa tabaka juu ya tabaka na ukanda mwembamba wa chuma juu, na kila asubuhi pale kwetu fundi aliitembea nzima kwa miguu, na nyundo yake, kabla abiria hajakaa. Huwezi kuifungasha. Ndiyo maana Cyclone na Big Dipper zimekwenda na zile nyingine zinaishi.

Mgeni_Lancaster:

Dada, samahani, hapo nakupinga, na kwa jambo la Texas kwenu.

San Antonio kulikuwa na Playland Park, na ndani yake rolakosta ya mbao ya miaka ya 40, The Rocket. Bustani ikafungwa 1980. Ikabaki imesimama, kila mtu akijua itavunjwa. Wakatokea wenye Knoebels, bustani ya familia huku Pennsylvania, wakainunua. Mbao zikang'olewa moja moja, kila kipande kikapewa namba, zikapakiwa malori hadi Elysburg. Ilifunguliwa tena Juni 1985 kwa jina la Phoenix, na wapenzi wa rolakosta wa Marekani wameshaipigia kura zaidi ya mara moja kuwa bora ya mbao.

Kwa hiyo inawezekana. Cyclone yenu ilihitaji mtu wa kuipenda na malori ya kutosha, hakuna muujiza.

Nimehamia Lancaster kutoka kambi ya Nyarugusu na familia yangu, na Knoebels ndiyo mahali pa kwanza tulipokwenda kucheka wote pamoja, mama yangu akiwemo na kitenge chake. Hiyo Phoenix ina handaki la giza mwanzoni kabla ya kupanda, halafu vile vilima alivyosema ndugu wa Kent, vya kukuinua kitini, vinafuatana. Kiingilio hakuna, unalipia unachopanda. Na kwa mlivyosema hapo juu: maegesho ni bure.

Msomi_wa_Kent:

Ohio hadi Elysburg siku moja nafika. Mgeni, mnafungua mwezi gani?

Mgeni_Lancaster:

Huanza Aprili, wikendi kwanza. Njoo na wenzako, mama atapika wali na sombe. Dada wa Houston naye aje, akae kiti cha nyuma kabisa, ndicho kinachoinuka zaidi.