Maajenti wa Kisumu wanawauzia wazee wetu risiti wakiiita grini kadi mpya

Wadau, naandika nikiwa na hasira na sitaki mtu aniambie nitulie kwanza. Kama una mzazi mwenye grini kadi ya Marekani (kadi ya ukaazi wa kudumu) aliyerudi nyumbani akakaa, na sasa kuna kijana wa ofisi fulani Kisumu anamwambia "mama, hii tunaibadilisha hapa hapa", mpokonye huyo mzazi simu kabla hajaweka namba ya siri ya M-Pesa. Kisha soma.

Mama yangu alipelekwa Minnesota, Marekani, na dada yangu, ambaye ni raia kule. Akapata kadi ya miaka 10. Baba alipofariki mwanzoni mwa 2020, mama akaja kumzika Gem, na tiketi ya kurudi ilikuwa ya Aprili. Machi anga ikafungwa, na ndege za abiria za kimataifa hazikuanza tena kutua Kenya mpaka tarehe 1 Agosti. Kabla hatujapanga safari nyingine mama akapigwa na kiharusi, upande wa kulia ukalala. Kuanzia hapo ni dawa za presha, mazoezi ya viungo, na mtu mzima kujifunza upya kushika kikombe cha chai. Nani angempandisha ndege katika hali ile? Kadi ikabaki ndani ya Biblia mpaka mwaka wa 2025 tarehe yake ikapita.

Sasa mama ana nguvu kiasi na anataka kuwaona wajukuu. Mimi niko Nakuru kikazi. Mdogo wangu akasikia habari za "mtu wa karatasi" mjini, akampeleka. Ofisi iko ghorofani, ina bango lenye bendera nne, Marekani, Kanada, Uingereza na Australia, na chini yake maneno "PR zote tunashughulikia", PR ikiwa ni ukaazi wa kudumu. Yule kijana akamwagizia mama soda, akamwita nyar Alego, yaani binti wa Alego, akamuuliza habari za nyumbani kwao. Mama akalainika. Shilingi 140,000 zikatoka siku hiyo hiyo. Ada rasmi ya fomu ya I-90, ile ya kubadilisha kadi, ukiijaza mtandaoni ni dola 415, yaani kama shilingi elfu 54. Tofauti iliyobaki sijui ilikuwa ya soda.

Baada ya muda akamwita mama aje achukue "kadi ya muda". Ni karatasi ya rangi, imepigwa plastiki, inasema kadi imeongezewa muda wa miezi 36. Nyumbani kukachinjwa kuku. Shangazi zangu wakaanza kuagiza viatu.

Kisha dada akanipigia usiku kutoka kule. "Mbona mama ameitwa hapa kuweka alama za vidole? Nani amesema anaishi kwangu?"

Hapo ndipo mambo yote yalipofunguka. Kijana alikuwa amejaza fomu akaonyesha kwamba mama anaishi Brooklyn Park, nyumbani kwa dada. Sahihi aliweka yeye mwenyewe, maana mama hajui hata barua pepe iliyotumika ni ya nani. Na ile karatasi iliyopigwa plastiki ni risiti! Risiti ya kuonyesha ombi limepokelewa. Tangu Septemba 2024 kila anayejaza I-90 kwa kadi inayoisha au iliyoisha muda hupewa barua inayoongezea kadi muda wa miezi 36 huku akisubiri, hata kama ombi lake baadaye litatupwa. Mtu anauziwa risiti ya kulipa, anaambiwa ndiyo bidhaa.

Nikatoka Nakuru nikaenda kumwona. Nikamwonyesha ile barua ya vidole. Unajua alinijibu nini? "Buda, hiyo tunasogeza tu tarehe."

Utaisogeza mpaka lini? Mpaka mama apae? Vidole vyake viko Kisumu na mashine iko Minnesota. Nikamuuliza kama aliwahi kumuuliza mama amekaa nje ya Marekani kwa muda gani. Akasema, "Fomu haiulizi hiyo."

Hilo jibu ndilo limenifanya nifungue huu uzi, kwa sababu muda wa kukaa nje ndio kesi yenyewe. Tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ni jambo dogo. Kadi ikipitwa na tarehe, ukaazi wako wa kudumu haufi kwa sababu hiyo. Wanaoweka kanuni za mashirika ya ndege kule wanaruhusu hata abiria mwenye kadi ya miaka 10 iliyopitwa na tarehe abebwe, mradi hajakaa nje mwaka mmoja. Lakini ukikaa nje mwaka mmoja au zaidi mfululizo, bila kibali cha kuingia tena, hiyo kadi haikuingizi, hata kama tarehe bado mbichi, hata ukiongezewa miezi 36. Kwa hiyo mama angenunua tiketi, angefika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta na kiti chake cha magurudumu, na ama angerudishwa pale kaunta, au angevuka akakutana na afisa upande wa pili akiwa na fomu yenye uongo jina lake likiwa juu. Na uongo wa makusudi kwenye maombi ya uhamiaji ya Marekani unaweza kumfungia mtu mlango maisha yake yote. Kijana hatafungiwa. Yeye ana bango.

Na hicho kibali cha kuingia tena, wazee wetu wangapi wamewahi kukisikia? Kinaombwa kwa fomu I-131, na lazima uiombe ukiwa bado ndani ya Marekani. Kinaweza kukupa mpaka miaka 2. Ukishatoka huwezi kukiomba ukiwa Kibuye, hapa Kisumu. Hapa hasira yangu inawafikia na ninyi mlio majuu: mnawaleta wazazi, mnawatumia kulea watoto, mnawaambia "kila miezi sita uguse tu huku urudi". Hakuna sheria ya kugusa. Afisa wa mpakani anaangalia maisha yako yako wapi: nyumba, kodi unayolipa, familia, muda unaokaa kila upande. Kuna wazee wamegusa miaka mingi, siku moja wakaulizwa maswali mpaka wakachanganyikiwa, wakapewa fomu ya I-407 waweke sahihi. I-407 ni ya kuacha ukaazi kwa hiari. Kwa hiari, wadau. Mzee anayo haki ya kukataa kuiweka sahihi na kuomba kesi yake isikizwe na hakimu wa uhamiaji. Mwambieni hilo kabla hajapanda ndege, kwa lugha anayoielewa.

(Upande mwingine, kama mzazi wako ameamua kweli kukaa nyumbani na anataka tu kutembelea wajukuu, kuijaza hiyo I-407 mwenyewe kisha kuomba visa ya matembezi ni njia ya haki. Lakini iwe uamuzi wake, si wa afisa saa nane za usiku.)

Ile njia halali kwa mtu kama mama yangu, ambayo kijana hakuitaja hata mara moja, inaitwa visa ya mkaazi anayerejea, SB-1. Inaombwa kwenye ubalozi wao, kwetu ni Gigiri, Nairobi, kwa fomu DS-117, na ada ni dola 180 ambazo hazirudishwi ukikataliwa. Lazima uonyeshe kwamba ulipotoka ulikuwa mkaazi halali, ulitoka ukiwa na nia ya kurudi, na ulichelewa kwa sababu zisizokuwa mikononi mwako. Ikikubaliwa bado kuna vipimo vya daktari na mahojiano. Hairahisishwi, na aliyekaa nyumbani kwa kupenda tu hataipata.

Lakini angalieni ushahidi unaotakiwa: tiketi ya kurudi ya Aprili 2020, faili la hospitali kuhusu kiharusi, ripoti za mtaalamu wa mazoezi, kodi alizojaza kule. Mdogo wangu alikwenda na hizo karatasi zote kwenye bahasha ya kaki siku ile ya kwanza. Kijana alizifungua, akazisukuma kando ya meza na kusema, "Hizi za zamani rudini nazo." Alirudisha kitu pekee chenye thamani kwenye ile meza, akachukua pesa kwa kile kisichofaa. Ninashukuru tu kwamba hakuzitupa.

Jirani yangu wa Nakuru ana ukaazi wa Kanada, naye alikuwa anataka kumtumia kijana huyo huyo. Nikamzuia. Kule hesabu ni nyingine kabisa: siku 730 ndani ya Kanada katika kila miaka 5, na si lazima zifuatane. Ukiwa nje na kadi imepita unaomba hati ya kusafiria ya mkaazi wa kudumu, na kadi yenyewe unaiomba ukifika. Uingereza nako, aliye na ruhusa ya kuishi bila kikomo akikaa nje zaidi ya miaka 2 mfululizo, kwa kawaida ruhusa hiyo huisha yenyewe. Nchi tatu, sheria tatu, na ofisi moja ya ghorofani inatumia jibu moja kwa zote.

Mahali tulipofika: dada amemwona wakili wa uhamiaji kule, na tunaandaa barua ya kuiondoa ile I-90 na kueleza ni nani aliyeijaza. Baada ya hapo ni SB-1. Ikigoma, dada ataanza upya na fomu I-130, ile ya raia kumwombea mzazi ukaazi, kwa kuwa mzazi wa raia aliyefikisha miaka 21 hawekwi kwenye foleni ya mgao wa mwaka. Mama ameambiwa ukweli wote. Alinyamaza, kisha akauliza kama ile soda nayo ililipiwa na pesa zake.

Nilienda kituo cha polisi kuandikisha. Afisa wa kaunta akasema hiyo ni kesi ya kudaiana, niende kortini. Hapana. Kuchukua pesa za mtu kwa hila ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na nilikaa pale mpaka nikapewa nambari ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Kijana sasa anasema atarudisha "nusu, kwa sababu kazi ilifanyika".

Afisa aliniambia malalamiko ya mtu mmoja yanakaa tu kwenye kitabu. Basi kama wewe au mzee wako mmelipa ofisi yenye bendera nne, ghorofani, katikati ya mji, niandikie faraghani: kiasi, mwezi, na kama mlipewa karatasi ya rangi iliyopigwa plastiki. Ujumbe wa M-Pesa usifute. Jina la mzee si lazima, na la ofisi tutalisemea kituoni.

Na kama kuna mtu amepanga kumpeleka mama yake pale Jumatatu, tafadhali, peleka hizo pesa kwa wakili.