Tupeane uzoefu: kuwafundisha watoto jiografia ya dunia nyumbani, bara moja moja

Mleta mada, Morogoro

Wazazi wenzangu, habari za wikiendi. Nina watoto wawili, mmoja darasa la tatu, mwingine la tano. Mabara saba wameyakariri, wanayataja bila kukwama. Ila ukiwauliza mtu akitoka Dar akaenda magharibi moja kwa moja, akapita Kongo na Angola, akavuka bahari, atatokea wapi, hawajui. Atatokea Brazili.

Basi nyumbani tumekubaliana kukaa na bara moja kwa mwezi au zaidi, wakilizoea ndipo tunahama. Tulianza na Amerika ya Kusini, na nilianzia sokoni. Mihogo, korosho, nanasi, karanga, vyote asili yake ni huko. Viazi mviringo vilianza kulimwa kwenye milima ya Andes, Peru na Bolivia. Mihogo na korosho zililetwa huku na Wareno. Mkubwa akataka kujua kwa nini wawe Wareno, nikamwekea kidole Brazili, kingine Msumbiji: bahari mbili tofauti, Kireno kilekile.

Kilichowashika kuliko vyote ni mkasi. Tulichora Amerika ya Kusini kwenye karatasi, tukaikata, tukaisogeza hadi Afrika. Bega la Brazili likaingia kwenye Ghuba ya Guinea. Nikawaeleza kwamba nchi hizo zilikuwa kipande kimoja, zikaanza kuachana zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, na hata leo zinaendelea kusogea sentimita chache kila mwaka. Tangu siku hiyo ramani haikunjwi, iko ukutani.

Wenzangu mnafanyaje? Mlianza na bara gani?

Mama Shamba, Tanga

Sisi tulianza na Amerika ya Kaskazini, na sababu iko nje ya dirisha: mkonge. Watoto wa huku wanadhani mkonge ulizaliwa Tanga. Asili yake ni Mexico, rasi ya Yucatán. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Mashamba yote haya yalianzia hapo.

Nilichukua uzi wa katani wenyewe, tukaubana kwa pini kwenye ramani: Yucatán, Florida, Hamburg, halafu Tanga. Uzi mmoja umegusa mabara matatu. Binti yangu sasa anauliza kila kitu cha jikoni kimepita wapi, na mahindi nayo tukayakuta Mexico hukohuko. Ushauri wangu: msianze na miji mikuu. Mtoto akishajua kitu kilichotoka nchi fulani, mji mkuu atautafuta mwenyewe.

Babu wa Unguja

Assalaam alaykum. Kwa mtu wa pwani mimi naona aanze na Asia, ndiyo jirani wa ng'ambo.

Wajukuu zangu nawafundisha kwa upepo. Nawachukua Forodhani, watazame bendera za vyombo zinaelekea wapi, kisha waniambie upepo umetoka upande wa nchi gani. Kuanzia Disemba hadi Machi ni kaskazi, kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kuanzia Aprili hadi kama Septemba ni kusi. Skuli wanaambiwa majina tu, sababu hawapewi, na sababu ndiyo jiografia yenyewe. Majira ya baridi, nchi kavu ya Asia inapoa upesi kuliko bahari. Hewa baridi ni nzito, inatiririka kuja huku kwetu. Majira ya joto bara lile linachemka, hewa yake inapanda, na hewa ya baharini inakimbilia kujaza nafasi. Majahazi ya Oman na Bara Hindi yalikuja na moja yakarudi na nyingine, kwa karne nyingi. Mtoto akilielewa hilo, ameelewa kwa nini ana ndugu Maskati.

Karafuu tuliifuata hadi visiwa vya Maluku, Indonesia. Tukakaa na Asia muda mrefu sana, na sijutii hata siku moja. Bara kubwa lile, lisipewe muda sawa na Australia.

Mama wa Mombasa, niko Minneapolis

Kwetu bara gumu limekuwa Afrika. Wenzake shuleni wanamwuliza mwanangu kama anaongea "Kiafrika". Na ramani nyingi anazokutana nazo zinaonyesha Greenland inakaribia ukubwa wa Afrika nzima! Nikamweleza ramani ya Mercator ya mwaka 1569. Ilitengenezewa mabaharia: ukichora mstari ulionyooka, nahodha anashika mwelekeo mmoja wa dira safari nzima. Lakini kadiri nchi inavyokaa mbali na ikweta ndivyo inavyovutwa ikaonekana kubwa.

Tukachukua karatasi ya miraba, kila mraba kilomita za mraba milioni 1. Afrika ikala miraba 30. Greenland ikapata 2 na kipande kidogo. Alipaka rangi mwenyewe, na akaipeleka darasani mwenyewe. Wazazi mlio ughaibuni, tafadhali nunueni tufe hata dogo. Juu ya tufe Afrika inaonekana ilivyo.

Kocha wa Mtaa, Moshi

Mpira. Kijana wangu aliuliza kwa nini timu kubwa zinahangaika zikienda Bolivia. La Paz iko mita 3,600 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na kambi ya Horombo hapa mlimani kwetu. Ameshaona wageni wanaoshuka kutoka Horombo wakihema, akaelewa papo hapo.

Mwalimu wa Kigoma

Kwa asiye na pesa ya atlasi: kamba na rula. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, la pili duniani. La kwanza ni Baikal, Urusi, mita 1,642. Sentimita 1 iwe mita 10, mtoto akate kamba mbili, azisimamishe ukutani ajipime. Wanangu waliingia Siberia kwa njia hiyo, wakataka kujua barafu ya Baikal inabeba gari kweli? Inabeba, wakati wa baridi.

Mleta mada

Asanteni sana. Mama Tanga, uzi wako naufanya leo. Kuna aliyefika Antaktika? Naona hakuna soko wala timu ya mpira kule.

Dada wa Nakuru

Tumefika. Anza na swali lao wenyewe, rais wa kule ni nani. Hayupo. Mkataba wa mwaka 1959, uliosainiwa na nchi 12, umeliweka bara hilo kwa ajili ya amani na sayansi; watafiti wanakaa kwa zamu wakarudi kwao. Kituo cha Vostok mwaka 1983 kilipima nyuzi joto -89.2. Wangu walishinda mchana kutwa wakitunga sheria za bara lisilo na wenyeji. Waachie daftari.