Kubadilisha maji ya tangi la samaki kwa mtambo wa kujiendesha katika nyumba ya ghorofa, Mombasa

Mkaazi wa Tudor:

Assalamu alaikum ndugu zangu.

Ninaishi ghorofa ya tatu huku Tudor, na nina tangi la samaki lenye urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 45 na kimo cha sentimita 45, ambalo ukiondoa mawe na changarawe hubaki na maji yapatayo lita 200. Nimefuga mbuna, samaki wa miambani wa Ziwa Malawi, wakubwa kwa wadogo, na kwa kuwa ni walaji hodari, kila Jumamosi hulazimika kutoa nusu ya maji kwa mpira na kurudisha mengine kwa ndoo. Sasa kazi imeanza kunipeleka bara kwa majuma mawili mfululizo, na anayebaki nyumbani ni mama yangu, ambaye sipendi abebe ndoo.

Nimefikiria kuunganisha bomba litokalo kwenye tangi la paa moja kwa moja na tangi la samaki, niweke boya dogo kama lile la choo ili lifunge maji yakijaa, kisha juu yake pawe na tundu la kumwagia maji ya ziada hadi kwenye bomba la taka la roshani. Ningependa kujua kama mpango huu unafaa, na umeme ukikatika mambo yatakuwaje. Naomba pia mnifahamishe kuhusu klorini, kwa sababu maji yetu hayana asili moja: ya mfereji huja kwa zamu, na yakikosekana mwenye nyumba huleta boza likajaza tangi la paa bila sisi wapangaji kuambiwa yametoka wapi.

Fundi wa Kizingo:

Waalaikum salaam. Nianze na boya, kwa maana hapo ndipo mpango wako unapojifunga wenyewe. Boya hufunga maji pindi yanapofika pale ulipoliweka, na tundu la kumwagia liko juu zaidi ya hapo. Kwa hiyo maji mapya hayataingia ila kufidia yaliyokauka, na maji machafu hayatatoka kamwe. Utakuwa umetengeneza mtambo wa kujazia, si wa kubadilishia, na kwa kuwa maji yanapokauka huacha nyuma chumvi na nitrati, yaani mabaki ya uchafu wa samaki, vitu hivyo vitazidi siku hadi siku. Ukilipandisha boya juu ya tundu ili maji yaendelee kupita, basi hakuna kitakachoyafunga, na tangi la paa la jengo zima litamalizikia kwenye bomba la roshani yako, au sebuleni ikiwa tundu limeziba.

Ushauri wangu ni kwamba kiasi cha maji kiamuliwe na ukubwa wa chombo, wala si na vali au saa, kwa sababu vali hukwama na saa hupoteza majira, lakini mtungi wa lita 20 hauwezi kutoa lita 21. Weka pipa la lita 200 lenye kifuniko mahali penye kivuli, ulijaze kwa koki ya kawaida kutoka bomba la paa, na ndani yake uzamishe pampu ndogo. Pampu hiyo ipandishe maji hadi kwenye mtungi wa lita 20 ulioko kwenye rafu juu ya tangi la samaki. Karibu na mdomo wa mtungi toboa tundu la kurudishia ziada kwenye pipa, na bomba lake liwe nene kuliko lile linaloleta maji, ili hata pampu ikisahaulika bila kuzimwa, maji yawe yanazunguka tu kati ya pipa na mtungi. Mwisho wa mpira wa pampu usizame ndani ya maji ya mtungi. Ukizama, pampu ikizimwa maji yatavutwa kurudi chini na mtungi utabaki mtupu. Kutoka chini ya mtungi shusha mpira mwembamba wenye koki ndogo, uirekebishe kwa kikombe cha kupimia hadi upate mililita 20 hivi kwa dakika. Mtungi utachukua sehemu kubwa ya siku kumalizika, na saa ya umeme itawasha pampu kwa dakika chache kila alfajiri.

Vile vidondoshi vya umwagiliaji vinavyouzwa kwa wakulima havitakufaa hapa, kwani vingi vimepimwa kwa shinikizo la bar 1, yaani maji yaliyoinuka mita 10, na wewe una nusu mita ya rafu. Koki ya kawaida inatosha, ila kwa maji yetu magumu itaganda chokaa, kwa hiyo uiloweke kwenye siki mara kwa mara.

Upande wa kutokea, lililo bora ni tundu kwenye kioo, litobolewe na fundi wa vioo kwa keekee yenye ncha ya almasi. Kwanza hakikisha kwamba kioo hicho si kile kilichoimarishwa kwa joto, ambacho kikiguswa na keekee husambaratika chote. Katika matangi ya kiwandani kioo cha chini mara nyingi ni cha aina hiyo. Bomba la inchi moja linatosha, na mdomo wake uwe na kichujio ambacho samaki mdogo hawezi kupita. Sasa fanya hesabu ya usalama: tangi la sentimita 120 kwa 45 hubeba lita 5.4 kwa kila sentimita moja ya kimo, kwa hiyo lita 20 zitainua maji kwa sentimita 3.7. Ukiacha sentimita 5 tupu juu ya tundu, hata likizibwa na jani siku nzima, sakafu haitalowa. Kwa siku ya pili weka swichi ya boya inayokata umeme wa pampu maji yanapopanda kupita kiasi. Hapo ndipo boya lina kazi yake.

Umeme ukikatika, pampu hailii na siku moja hupita bila maji mapya, jambo ambalo samaki hawatalitambua; hofu yako iwe kwenye filta na hewa, si kwenye mtambo huu. Nunua saa yenye betri ya ndani. Ile ya kuzunguka husimama umeme ukikatika, na baada ya majuma mawili itakuwa ikiwasha pampu saa za adhuhuri.

Kuna gharama moja ambayo wauzaji wa mitambo hii hawaitaji. Ukitoa lita 100 kwa mkupuo, umeondoa nusu ya uchafu. Ukidondosha lita 20 kila siku kwa juma zima, umetumia lita 140 na uchafu ulioondoka ni ile ile nusu, kwa sababu sehemu ya maji yanayomwagika ni yale mapya uliyoyaingiza jana. Hizo ni mitungi miwili ya ziada kila juma, na katika mji huu unajua bei ya mtungi mfereji ukikauka. Kwa hiyo maji yanayotoka yakusanye kwenye ndoo ya choo au kwa miti. Mgomba unapenda nitrati kuliko samaki.

Mwana Likoni:

Maelezo ya ndugu Fundi ni mazuri, ila naona pipa linakula nafasi ya bure. Mimi huingiza maji ya mfereji moja kwa moja kwa tone, bila dawa ya kuondoa klorini, na samaki wangu wanazaana. Tuchukulie maji yana miligramu 0.5 za klorini kwa lita. Lita moja kwa saa ikiingia kwenye lita 200 itaongeza miligramu 0.0025 tu kwa kila lita, na kiasi hicho huliwa na uchafu wa tangi kabla hakijamfikia samaki. Udogo wa tone ndio dawa yenyewe.

Binti Bamburi:

Kaka yangu wa Likoni, hesabu yako siipingi, lakini inasimama juu ya nambari moja, ile 0.5, na Mombasa nambari hiyo haina mwenyewe. Kuna siku maji hufika karibu hayana klorini kabisa, na kuna siku, hasa kukiwa na tahadhari ya kipindupindu, klorini huzidishwa, na wenye nyumba nao humimina dawa yao kwenye tangi la paa kwa kukadiria kwa jicho. Pipa halikuwekwa kwa sababu ya siku za kawaida.

Isitoshe, klorini ni jambo dogo. Lililo kubwa ni chumvi. Maji ya mji wetu hutoka mbali na mahali tofauti: Mzima Springs kule Tsavo, Baricho kando ya mto Sabaki, Marere na Tiwi upande wa kusini. Boza nalo laweza kuwa limejazwa kwenye kisima chochote. Visima vya kisiwani na vingi vya pwani hii vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na vingi vimeingiliwa na maji ya bahari. Ugumu wa chokaa mbuna hawauogopi, kwa kuwa ziwa lao lina pH (kipimo cha uasidi, ambapo 7 ni katikati) inayokaribia 8 au kuzidi. Wengi hudhani kwa hiyo chumvi nayo inawafaa, lakini Ziwa Malawi ni la maji baridi yenye chumvi kidogo sana. Nunua kipimo kidogo cha kuonyesha wingi wa chumvi zilizoyeyuka, upime maji ya paa kabla ya kufungua koki ya pipa, na uandike nambari ya kawaida ukutani. Siku ikiruka ghafla, koki isifunguliwe. Ukiwa umeunganisha bomba moja kwa moja, maji hayo yatakuwa yameshaingia kabla hujajua.

Kuhusu klorini yenyewe, pipa likishajazwa weka sodiamu thiosalfeti, dawa ya kuondoa klorini, kwa kipimo cha pipa zima, au uache kijiwe cha hewa kikitokota humo kwa siku moja, mradi iwe ni klorini ya kawaida. Ile iliyoshikana na amonia, iitwayo kloramini, haitoki kwa hewa, na thiosalfeti ikiivunja huacha amonia nyuma. Hapo pana tahadhari kwa wafugaji wa mbuna: kwenye pH 7 na nyuzi 28 amonia iliyo sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote, lakini kwenye pH 8.2 na joto lilo hilo hukaribia asilimia 10. Tangi lenye filta iliyokomaa, yaani yenye bakteria wa kutosha, litaimaliza, hasa ikiingia kwa tone.

Na pipa lifunikwe kisawasawa, hata tundu la kurudishia maji liwekewe wavu mwembamba. Mbu wa homa ya dengi huzaliana kwenye maji safi ya majumbani, na homa hiyo mji huu unaijua.

Mkaazi wa Tudor:

Nawashukuru nyote. Bi Bamburi, sikuwa nimelifikiria boza kwa upande huo. Nina maswali mawili kwa Fundi. Kwanza, tangi langu siwezi kulitoboa kwa sasa, kwani samaki wamo na sina pengine pa kuwaweka. Pili, lita 200 kwa lita 20 kila siku ni siku 10, nami husafiri kwa siku 14. Je, niongeze pipa la pili?

Fundi wa Kizingo:

Usiongeze pipa. La kwanza tu lina uzito wa kilo 200, na nisingelipenda likae katikati ya roshani ya ghorofa ya tatu. Liweke kwenye pembe, karibu na nguzo au ukuta mkuu. Badala yake punguza kiasi cha kila siku hadi lita 12. Kwa siku 14 utatumia lita 168, na zinazobaki zitaifunika pampu, kwa maana pampu ya kuzamishwa ikizunguka bila maji huungua. Huhitaji kugusa saa wala koki kwa hilo: toboa tundu jingine la kurudishia, chini zaidi kwenye mtungi, pale lita 12 zinapoishia. Utakuwa ukibadilisha asilimia 6 kwa siku, yaani kama theluthi ya uchafu kwa juma, na hiyo inatosha ikiwa mama atawapa samaki chakula kidogo. Mbuna mkubwa aliyeshiba vyema havunjiki kwa kulishwa mara moja kila siku mbili, na kila punje usiyoitia ni nitrati usiyolazimika kuiondoa.

Ukumbuke kwamba sehemu ya zile lita 12 itaenda kufidia maji yaliyokauka, na chumba chenye feni na tangi lisilo na kifuniko hupoteza mengi. Kwa hiyo pima yanayotoka, si yanayoingia, na ufunike tangi.

Kuhusu kutotoboa, upo mpira wa kupinda juu ya ukingo wa kioo, uliogeuzwa mfano wa herufi U, ambao ncha zake zote mbili huzama kwenye vikombe ili usipoteze maji pampu isipofanya kazi. Mimi siupendi sana, na sababu ni hii: maji yakipita taratibu mno, vipovu vya hewa hukusanyika kwenye kilele cha mpira hadi mvuto ukakatika, na tone la mililita 20 ndilo taratibu hasa. Ukilazimika kuutumia, chagua mpira mwembamba na ufungue koki hadi mtungi uishe kwa saa moja hivi, ili maji yawe na kasi ya kusukuma vipovu. Asilimia 6 kwa saa moja haimdhuru samaki iwapo klorini imeshaondolewa na joto linalingana. Lita 12 ni sentimita 2.2 tu kwenye tangi lako, kwa hiyo zile sentimita 5 zitakubeba siku mbili mpira ukikatika, na swichi ya boya ni lazima, si hiari.

Kabla ya safari, uendeshe mtambo kwa juma zima ukiwapo nyumbani. Siku moja ziba njia ya kutokea kwa makusudi, siku nyingine chomoa umeme kwa saa kadhaa kisha uangalie saa inaonyesha nini, na siku nyingine iache pampu ikiwaka bila kuzimwa huku ukitazama maji yanarudi pipani au yanamwagika. Mwonyeshe mama plagi ya kuchomoa, na uiwekee alama ya rangi.